"Balituibia!": St. Louis, Atlanta na hasira ya wapenzi wa besiboli juu ya waamuzi

"Balituibia!" Neno hili halina haja ya mkalimani. Utalisikia Lubumbashi, kwenye barabara za Kamalondo, kisha Mazembe na Lupopo kumaliza kucheza. Utalisikia Bukavu kisha mechi ya Dawa na Muungano. Mtu anatoka kiwanjani uso umekunjamana. Haulizi nani alikosa penalti, wala nani aliacha mshambuliaji peke yake mbele ya goli. Anauliza tu: ule arbitre anatoka wapi, na alikula kwa nani?

Kule Marekani, katika mji wa St. Louis, watu wanalia kilio hicho tangu tarehe 26 mwezi wa kumi 1985. Wanamlilia mtu mmoja, Don Denkinger, mwamuzi wa besiboli. Alikufa mwaka wa 2023, akiwa na miaka 86. Alifanya kazi ile karibu miaka 30, toka 1969 mpaka 1998, alisimamia mechi nyingi kubwa, lakini siku ya kutangaza kifo chake magazeti yalirudi palepale, ku ule usiku mmoja.

Denkinger alikuwa anaishi Waterloo, mji mdogo katika jimbo la Iowa. Leo wasomaji wetu wengine wanalijua jina hilo vizuri, kwa sababu wana ndugu huko: familia nyingi za Wakongomani zilizopita katika kambi za wakimbizi zimefika Iowa na majimbo jirani, na wengi wanafanya kazi ku viwanda vya nyama. Mwaka wa 1985 hawakuwa bado. Waliokuwa huko ni Denkinger, mke wake na watoto, na simu ya nyumbani ambayo siku zile haikunyamaza.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumeuona mu filme tu. Besiboli inachezwa na ekipe mbili za watu tisa. Mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji wa upande wa pili anaupiga kwa fimbo, kisha anakimbia. Kuna besi tatu za kukanyaga mbele ya kurudi nyumbani, na anayezunguka zote na kurudi anaandikia ekipe yake alama moja. Kama mpira umedakwa mbele ya kugusa chini, ama kama umefika ku besi mbele yake, tutasema kama watoto wanavyosema katika michezo yao: amekufa. Asipokufa, ni mzima. Wakifa watatu, ekipe inatoka, ingine inaingia. Wanafanya hivyo duru tisa. Saa haipo, dakika za nyongeza hazipo. Kila kitu kinasimama juu ya swali moja tu: huyu amekufa ama ni mzima? Na anayejibu ni mwamuzi.

Fainali yao inaitwa World Series. Wanacheza mpaka ekipe moja ishinde mara nne. Mwaka ule fainali ilikuwa ya ndugu kwa ndugu: St. Louis Cardinals na Kansas City Royals, miji miwili ya jimbo moja la Missouri, iliyoachana kilomita kama 400, kupita kidogo safari ya Lubumbashi na Kolwezi. Barabara moja kubwa inaiunganisha, yenye namba 70, na watu wakaipa fainali jina la barabara ile. Kocha wa Cardinals, Whitey Herzog, alikuwa amefundisha Royals wenyewe toka 1975 mpaka 1979, kisha wakamwachisha kazi. Mtu anaweza kuwaza yeye alitaka kombe lile namna gani.

Kisha mechi tano, Cardinals walikuwa na tatu, Royals mbili. Mechi ya sita ilikuwa Kansas City. Mpaka duru ya tisa, ya mwisho, Cardinals walikuwa mbele 1-0. Walibakisha kuua watu watatu tu, basi kombe lingepanda gari kurudi St. Louis.

Mpigaji wa kwanza wa Royals alikuwa Jorge Orta. Alipiga mpira wa chini, wa polepole, upande wa kuume. Jack Clark, mlinzi wa besi ya kwanza, aliuokota, akamtupia mrushaji wake, Todd Worrell, aliyekuwa amekimbia kufunika besi. Worrell aliudaka, mguu wake uko juu ya besi, Orta angali nyuma. Kila mtu aliyekuwa mbele ya televisheni aliona: amekufa. Denkinger, aliyesimama karibu kabisa, akafungua mikono miwili: mzima.

Herzog akatoka mbio. Wachezaji wakapiga kelele. Televisheni ikarudisha picha mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara Orta alikuwa amekufa. Lakini siku zile picha ya televisheni haikuwa na sauti katika sheria. Neno la mwamuzi likabaki.

Sasa, alikosea namna gani? Hapa ndipo habari inapokuwa tamu, maana jibu haliko rushwa wala ulevi. Katika besiboli, mwamuzi wa besi ya kwanza hana macho manne. Hawezi kuangalia mguu wa mkimbiaji chini na mpira ulio juu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wanafundishwa kuangalia mguu kwa macho na kusikiliza mpira kwa masikio: ule mlio wa mpira ukiingia katika glovu ya ngozi. Mlio ukitangulia, mtu amekufa. Mguu ukitangulia, ni mzima. Denkinger mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amesimama karibu mno, akashindwa kuona glovu na mguu pamoja, na kwamba kelele za uwanja zilifunika mlio. Maelfu ya watu wa Kansas City walikuwa wanalalamika kwa nguvu zote, na katika kelele ile mwamuzi akabaki bila masikio. Ukifikiria vizuri, wapenzi wa Royals waliingia katika mchezo ule bila kujua.

Kisha mechi alimkuta Peter Ueberroth, mkubwa wa ligi, akamuuliza kama alikuwa amesema sawa. Ueberroth akamjibu kwamba hapana. Ndivyo Denkinger alivyojua. Alilala na neno lile, na kesho yake alikuwa na kazi ingine.

Lakini tusikimbie, maana duru ya tisa haikwisha na Orta. Ku Royals aliyefuata alikuwa Steve Balboni. Alipiga mpira ukapanda juu, karibu na ukuta, mpira ambao mlinzi wa kiwango kile anadaka kila siku. Clark aliupoteza, ukaanguka. Balboni, kisha kusamehewa hivyo, akapiga mwingine mzuri, akafika besi ya kwanza. Jim Sundberg akagusa mpira kidogo kwa fimbo, Worrell akautupa ku besi ya tatu, na Orta akafa. Ndiyo, Orta mwenyewe! Yule ambaye mwamuzi alimponya bure alikufa dakika chache baadaye, bila kufika nyumbani.

Kisha mdakaji wa Cardinals, Darrell Porter, mtu aliyekuwa shujaa wa fainali ya 1982, akaacha mpira kumpita, wakimbiaji wakasogea mbele. Cardinals wakamwacha Hal McRae atembee ku besi ya kwanza kwa makusudi. Besi tatu zikajaa. Hapo akaingia Dane Iorg, ambaye mwaka ule ule wa 1982 alikuwa amechukua kombe na Cardinals. Akapiga mpira upande wa kuume, watu wawili wakafika nyumbani. Royals 2, Cardinals 1. Mwisho.

Ukiweka hesabu mezani: kosa la mwamuzi ni moja. Makosa ya Cardinals wenyewe ni mawili, na pigo la Iorg halikuwa kosa la mtu, lilikuwa pigo zuri. Na watu wa Kansas City hawachoki kukumbusha kwamba mbele kidogo, katika duru ya nne ya mechi ile ile, Frank White wao aliitwa amekufa akikimbilia besi ya pili, nao wanasema alikuwa mzima. Juu ya lile, St. Louis hawana habari.

Lakini mpenzi wa St. Louis naye ana jibu, na mimi naona jibu lake lina uzito. Anasema: kama Orta angekufa, kungekuwa na mmoja amekufa na besi zote tupu. Worrell angerusha kwa utulivu. Clark asingekuwa na hasira kichwani alipokuwa anautafuta mpira wa Balboni. Mchezo ungekuwa mwingine kabisa. Hakuna anayeweza kumwonyesha kwamba anasema uongo, kwa sababu ile duru ya pili, ile ambayo Orta amekufa, haikuchezwa. Hapo ndipo maumivu yanakaa miaka yote. Ungeshindwa 5-0, ungelala vizuri.

Kesho yake, mechi ya saba. Fainali ile ina waamuzi sita, nao wanazunguka: aliyekuwa besi ya kwanza leo, kesho anasimama nyuma ya mdakaji, anahesabu kila mpira unaorushwa, mzuri ama mbaya. Ni kazi kubwa kuliko zote. Zamu ilikuwa ya nani? Ya Denkinger. Hakuna aliyebadilisha zamu. Mimi naona hapo wakubwa wa ligi walikosea kuliko yeye, maana waliwapa watu wa St. Louis sura ya kuitazama na kuichukia usiku kucha.

Mambo yakaharibika toka mwanzo. Mrushaji wa Cardinals, John Tudor, aliyekuwa na mwaka mzuri ajabu, alitolewa mapema. Akapiga ngumi feni ya umeme katika chumba cha wachezaji, akajikata mkono. Kufika duru ya tano mambo yalikuwa yamekwisha. Joaquín Andújar, mrushaji mwingine, Mdominikani mwenye damu moto, akaingia, akaanza kubishana na Denkinger juu ya mipira. Herzog akatoka kumtetea, akafukuzwa. Andújar akarusha tena, akabishana tena, naye akafukuzwa, wenzake wakimshika asimfikie mwamuzi. Mwisho: Royals 11, Cardinals 0.

Kumi na moja kwa sufuri! Mtu wa Lubumbashi angesema: sasa hapa arbitre anaingia wapi? Katika mechi zote saba Cardinals waliandika alama 13 tu. Walicheza bila Vince Coleman, mkimbiaji wao mkubwa, ambaye siku chache mbele ya fainali mguu wake ulikanyagwa na mashine ya kufunikia kiwanja mvua ikinyesha (ndiyo, mashine ya kufunikia kiwanja, katika mpira mambo kama hayo yanatokea). Ekipe ilikuwa imechoka, fimbo zilikuwa zimelala. Hayo yote wapenzi wa St. Louis wanayajua. Ukiwauliza, watakuelezea Tudor, watakuelezea Coleman, kisha watamaliza na Denkinger.

Na walimfanyia vibaya. Watangazaji wawili wa redio kule St. Louis walitoa hewani namba ya simu yake na adresi yake. Simu zikaanza. Barua zikaja, nyingine za matusi, nyingine za kutisha kumuua, na ziliendelea kwa miaka. Kosa la sekunde moja ku besi ya kwanza likaingia mu nyumba ya mtu, kwa mke na watoto ambao hawakuwa na glovu wala fimbo. Wale waliokuwa wanapiga simu hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kazi, papa wa familia, watu ambao siku ingine wangemsaidia Denkinger kusukuma gari lake kama limezimika barabarani.

Sisi Wakongomani hatuwezi kuwacheka. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 18 mwezi wa sita 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani, Leopards ya Zaïre na Yugoslavia. Tulipigwa 9-0. Katika fujo ya kubisha goli, Ilunga Mwepu, beki wa Mazembe, alimpiga mwamuzi teke nyuma. Mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, akageuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya kitu! Ndaye, yule aliyefunga magoli tisa katika Kombe la Afrika mwaka ule ule, akatoka kiwanjani kwa kosa la mwenzake. Ndaye alikufa mwaka wa 2019 kule Afrika Kusini. Mwepu alimtangulia mwaka wa 2015. Na mpaka leo, ukikaa na wazee wanaozungumzia 9-0, mtu mmoja hatakosa kusema: "Lakini ule arbitre alitoa muntu mwenye hakufanya kitu." Ni kweli. Na tisa inabaki tisa.

Sasa ikapita miaka 27, na St. Louis wakajikuta upande wa pili wa mto.

Tarehe 5 mwezi wa kumi 2012, Atlanta. Ligi ilikuwa imeleta kitu kipya mwaka ule: mechi moja tu, anayeshindwa anarudi nyumbani. Atlanta Braves walikuwa wameshinda mechi 94 katika msimu, Cardinals 88, lakini sheria mpya haikuangalia hesabu ile. Tena ulikuwa mwaka wa mwisho wa Chipper Jones, mtoto wa Braves, misimu 19 na ekipe moja. Zaidi ya watu 50.000 walikuja kiwanjani.

Duru ya nane, Cardinals wako mbele 6-3. Braves wana watu wawili ku besi, ya kwanza na ya pili, na mmoja tu amekufa. Andrelton Simmons anapiga mpira juu, upande wa kushoto, mbali nyuma ya walinzi wa ndani. Pete Kozma wa Cardinals anakimbia kinyumenyume kwenye majani, anainua mkono, kisha anajitoa ghafula, kama mtu aliyesikia mwenzake anamwita. Mpira unaanguka katikati yake na Matt Holliday. Uwanja unalipuka: besi tatu zimejaa!

Hapana. Mwamuzi wa upande wa kushoto, Sam Holbrook, alikuwa ameinua mkono. Aliita sheria moja ya zamani sana, ambayo hata Waamerika wengi hawawezi kuielezea mezani. Inasema hivi: kama kuna watu ku besi ya kwanza na ya pili, na hawajafa wawili, na mpira umepanda juu fasi ambapo mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida, mpigaji amekufa papo hapo, hata mpira ukianguka. Ilitungwa kuzuia ujanja: mlinzi angeachia mpira kwa makusudi, kisha aue watu wawili kwa mara moja. Ni sheria ya haki, ya kuwalinda wanaopiga. Siku ile iliwaua.

Watu wa Atlanta wakauliza: juhudi ya kawaida? Kozma alikuwa mbali kule kwenye majani! Na kwa nini mkono umepanda mpira unapokaribia kugusa chini, wakati sheria inataka mwamuzi aite mara moja? Mimi nimeiangalia picha ile mara nyingi na niko upande wa Atlanta. Kozma alikuwa chini ya mpira, hilo Holbrook aliliona sawa, lakini sheria ile haikutungwa kwa mpira wa mbali namna ile, hakukuwa ujanja wowote wa kuzuia.

Kisha chupa zikaanza kuruka. Chupa, makopo, bilauri za bia, chakula, kila kitu ambacho mtu alikuwa nacho mkononi. Wachezaji wakakimbilia katikati, kisha wakatoka. Mechi ikasimama dakika 19. Vijana wa usafi wakawa wanaokota takataka kwenye majani, na wengine wanaendelea kuzitupa. Kocha wa Braves, Fredi González, akaandikisha malalamiko rasmi. Joe Torre, mkubwa wa ligi aliyekuwepo kiwanjani, akayakataa usiku ule ule: ni maamuzi ya macho ya mwamuzi, hayakatiwi rufaa.

Mechi ilipoanza tena, Brian McCann alipata kutembea, na besi tatu zikajaa kweli, lakini sasa wawili wamekufa na si mmoja. Michael Bourn akashindwa kupiga. Wakamalizika 6-3.

Na hapa tena, ukirudi nyuma, unakuta kitu. Braves walikuwa mbele 2-0. Katika duru ya nne mpira wa chini ulimfikia Chipper Jones, mpira wa kuua watu wawili, na yeye, mzee wa kazi, akautupa ovyo mpaka upande wa kuume. Cardinals wakaandika alama tatu katika duru ile. Braves walifanya makosa matatu ya mikono siku ile. Baada ya mechi waandishi walimzunguka Jones wakimtaka aseme juu ya Holbrook. Angeweza kusema lolote, ilikuwa mechi yake ya mwisho katika maisha, nani angemlaumu? Alijitupia lawama mwenyewe. Alisema kosa lake ndilo lililowaangusha.

Wapenzi hawakumfuata. Kule Atlanta mpaka leo ukitaja 2012, mtu atakuambia habari ya mkono wa Holbrook, si habari ya kutupa kwa Jones. Jones walimpenda. Holbrook hawakumjua jina mpaka jioni ile.

Na St. Louis? Walikaa kimya kabisa. Mji uliolilia Denkinger miaka 27 haukutoa hata barua moja ya kumlaumu Holbrook.

Kuna mara moja tu ambapo mambo yalikwenda vingine, na haikuwa fainali. Detroit, tarehe 2 mwezi wa sita 2010. Armando Galarraga, kijana wa Venezuela, alikuwa ameua wapigaji 26 mfululizo. Akiua wa 27, anaingia katika kitabu cha watu wachache sana. Wa 27 alikufa, wazi, ku besi ya kwanza. Mwamuzi Jim Joyce akasema mzima. Joyce alipoona picha baada ya mechi, alilia, akaenda kumwomba Galarraga msamaha uso kwa uso, na Galarraga akamkumbatia. Kesho yake mchana Galarraga ndiye aliyepeleka karatasi ya majina ya wachezaji kwa Joyce, na Joyce akafuta machozi mbele ya uwanja mzima, na watu wa Detroit wakapiga makofi. Nadhani ilisaidia kwamba Galarraga mwenyewe alicheka, pale pale, saa mwamuzi alipofungua mikono. Ni vigumu mpenzi kupiga kelele kuliko mwenye mali aliyeibiwa.

Ligi nayo ilijifunza, polepole kama serikali. Mwaka wa 2008 waliruhusu picha kwa pigo kubwa la kutoka nje ya uwanja tu. Mwaka wa 2014 walifungua mlango zaidi: kocha anaweza kuomba, na waamuzi walioko katika chumba kimoja New York wanaangalia picha na kusema amekufa ama ni mzima. Denkinger aliunga mkono jambo hilo. Leo Orta angekufa kwa dakika mbili. Tangu msimu wa 2026 hata mipira mizuri na mibaya ina mashine: mrushaji, mdakaji ama mpigaji anagonga kofia yake, na kamera zinajibu. Kila ekipe inaanza mechi na nafasi mbili za kuomba hivyo.

Denkinger, tangu zamani, alikuwa ameacha kujificha. Watu walimletea picha ya Orta na Worrell, yeye anaonekana amefungua mikono, wakamwomba aweke sahihi, naye aliweka. Mwaka wa 2005 Cardinals wa 1985 walipokutana kukumbuka miaka 20, alikwenda kula nao.

Holbrook aliendelea na kazi. Mwaka wa 2019 alikuwa nyuma ya mdakaji katika mechi ya sita ya fainali, Houston na Washington, na akamwita Trea Turner wa Washington amekufa kwa kumzuia mlinzi njiani. Kocha wa Washington, Dave Martinez, alikasirika mpaka akafukuzwa. Fujo ilianza tena kama ya Atlanta, isipokuwa Washington walishinda mechi ile 7-2, kisha wakachukua kombe, na watu wakamsahau Holbrook wiki ile ile.

Na ile sheria ya mpira wa juu? Juhudi ya kawaida haina kipimo ambacho kamera inaweza kukiona, kwa hiyo mpaka leo haipelekwi New York. Hata fimbo iliyozungushwa nusu haiendi New York. San Francisco Giants walilijua hilo tarehe 14 mwezi wa kumi 2021: walikuwa wameshinda mechi 107 katika msimu, na wakatolewa na Los Angeles Dodgers 2-1 juu ya fimbo ya Wilmer Flores, ambayo mwamuzi wa besi ya kwanza, Gabe Morales, alisema imezunguka. Picha zinaonyesha haikuzunguka. Kumbe Giants walikuwa na Flores yule akiwa amekwisha kukosa mipira miwili, mtu mmoja tu ku besi, na mbele yake Max Scherzer, mmoja wa warushaji wakali kuliko wote. Wapenzi wa San Francisco hawataki kusikia hayo.